Tunataka makumbusho ya Vita vya Kagera hapa kwetu Missenyi, wenye uzoefu tushaurini tuanzie wapi

Mwana_Missenyi:

Wakuu salaam. Naandika kutoka Bunazi, wilaya ya Missenyi. Nina jambo limenikaa kichwani muda mrefu na sasa tumekuwa kikundi kidogo cha vijana na walimu wastaafu wawili tumeamua tulifanyie kazi.

Kila mtu Tanzania anajua Vita vya Kagera kwa ile hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978, ile ya uwezo tunao sababu tunayo na nia tunayo, na kwa Kampala kuanguka 11 Aprili 1979. Sawa. Ila vita yenyewe ilianzia kwenye vibanja vyetu (mashamba ya migomba) hapa. Majeshi ya nduli Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 78, yakachukua eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba hii ni Uganda, na tarehe 3 wakalivunja daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Ndege zao zilishindwa kulivunja kwa mabomu, ikabidi watafute mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Kiwanda cha sukari kilikombwa, ng'ombe walisombwa kupelekwa kaskazini, watu waliuawa, raia wapatao 1,500 ndio hesabu inayotajwa mara nyingi. Mkoa wenyewe ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi, baada ya vita ndo ukaitwa Kagera.

Sasa mtu akishuka leo kwenye basi la Bukoba Kampala pale Kyaka ataona nini? Magofu ya kanisa kule kilimani, basi. Kaboya kule Muleba kuna makaburi ya mashujaa wetu zaidi ya 600 na yanatunzwa vizuri na jeshi, nawapongeza sana kwa hilo. Lakini habari ya mwanakijiji, ya mgambo aliyechukuliwa shambani akafika mpaka mpaka wa Sudan na kurudi, ya mama aliyevuka mto usiku na mtoto mgongoni, hiyo haipo popote zaidi ya kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sahivi anakaribia 70 wengine wameshapita.

Tumepata ahadi ya chumba kimoja kwenye jengo la zamani la ushirika. Hela hatuna za maana. Vitu watu wanavyo, wengine wana picha, wengine mestini (bakuli la chakula la askari), kofia, maganda ya mabomu wanatumia kama kengele. Naomba kujua: tuanze na nini? Tukusanye vitu kwanza au tutafute vibali? Na je, iwe makumbusho ya wanajeshi tu au ya kijiji kizima?

---

Kabati_la_Mwalimu:

Mkuu hongera sana, hili jambo la maana. Nimefanya kazi kwenye makumbusho miaka mingi kabla sijastaafu kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo, usichoke.

Kabla ya vitu, anza na watu. Kofia ya chuma ikikaa miaka mitano zaidi kwenye dari la mzee haitadhurika sana, mzee mwenyewe akikaa miaka mitano huna uhakika. Simu yako inatosha. Iweke kwenye hali ya ndege isiite katikati, ukae naye chumba ambacho hakina redio wala bati linalopigwa na mvua (huko kwenu mvua haziishi najua), na umwambie kabla kwamba unarekodi na sauti yake itasikika na watu wengine. Akubali, asaini au aweke dole gumba. Halafu usianze na vita! Watu wengi wanakosea hapo, wanakaa tu na kuuliza haya mzee tusimulie mapigano ya Lukaya. Mzee atakupa ile hadithi aliyoisimulia mara mia, imeshanyooka. Muulize alizaliwa wapi, alikuwa analima nini, siku anachukuliwa alivaa nini miguuni, viatu alivyopewa vilimtosha? Walikula nini, nani alikuwa anapika, barua nyumbani zilifika? Ukienda hivyo taratibu mambo yenyewe yanakuja, na mengine hata watoto wake hawajawahi kuyasikia. Rekodi ikiisha ihifadhi sehemu mbili tofauti siku hiyohiyo.

Vitu sasa. Nunueni daftari gumu lile kubwa la kaunta, kila kitu kinachoingia kiandikwe namba, kimetoka kwa nani, kijiji gani, tarehe, na je ni zawadi au ni mkopo. Hiyo ya zawadi au mkopo ndo inavunja makumbusho nyingi ndogo, mzee akifariki watoto wanakuja kudai nishani ya baba na hakuna karatasi. Picha msizing'ang'anie, zipigeni skani mrudishie familia picha yao, kopi inatosha ukutani. Msilaminishe picha halisi na msibandike selotepu, inaziua. Mkitaka kuandika nyuma ya picha tumieni penseli laini. Nishani msizisugue kwa dawa ya kung'arishia vyombo, ule weusi weusi uacheni ulivyo. Na chumba cha ushirika angalieni mchwa na unyevu kabla ya kupaka rangi, vitu visikae chini sakafuni.

Kuna mambo mawili ya hatari. Moja ni hayo maganda. Kama ni ganda tupu ni sawa, ila watu wa kule mipakani wanaokota vitu ambavyo havijalipuka, chuma kimeoza kwa nje lakini ndani kiko hai. Usiguse, usipokee, usibebe kwenye bodaboda kuleta ofisini. Toa taarifa polisi waje wenyewe na wataalamu wa jeshi. Pili ni sare. Raia kukaa na sare ya jeshi ni kosa, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wazisalimishe. Kwa hiyo mzee akikuletea kombati yake ya mwaka 79 kwa moyo mweupe, usiitundike ukutani. Andikeni barua kwa jeshi kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, muombe kibali rasmi cha kuonyesha. Wakikataa, wekeni picha ya zamani ya mzee akiwa ameivaa enzi hizo, inatosha kabisa.

Vibali: anza na afisa utamaduni wa halmashauri, halafu waandikieni Makumbusho ya Taifa mapema waje wawaone. Kwenye kanda ya ziwa wako Butiama, wanaweza kuwashauri. Kyaka kwenye magofu msichimbe wala kuondoa tofali hata moja, mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964.

---

Binti_Kassambya:

Nimesoma huu uzi nikasimama kazi. Mimi nimezaliwa baada ya vita ila nyumbani vita haijawahi kuisha kusimuliwa.

Nakuomba sana Mwana_Missenyi hilo swali lako la mwisho lisiwe swali. Iwe ya kijiji kizima. Baba yangu alikuwa mgambo, alienda, alirudi, ana heshima yake na anastahili. Lakini mama ndiye aliyebaki na watoto wanne wakalala kwenye migomba, akavuka mto kwa mtumbwi wa mtu ambaye mpaka leo hamjui jina, akakaa upande wa pili miezi kwenye kibanda cha majani na watu wa familia nyingine tatu. Aliporudi, nyumba haikuwa na bati. Sio kwamba imebomolewa hapana, mabati yalibanduliwa moja moja na kupakiwa kwenye lori. Hata milango. Mama anakumbuka zaidi ya yote kwamba waling'oa hadi bawaba za milango. Na jembe lake alilikuta kwa sababu alilizika kwenye shimo la kuivishia ndizi kabla ya kukimbia. Jembe lile lipo, limebaki kipande tu limeliwa na udongo, hataki kulitupa.

Sasa niambie, lile jembe si la kuwekwa makumbusho? Ukiingia ukaona bunduki za mbao na picha za majenerali tu utadhani vita ilipiganwa na wanaume watupu. Nani alikuwa anawapikia wanajeshi wakati wanajipanga huku kusini ya mto kabla hawajavuka? Akina mama wa vijiji. Ndizi zilikatwa vibanja vizima hakuna aliyeandika risiti.

---

Mngoni_wa_Mjini:

Wakuu nawasalimu kutoka Songea. Sisi tuna Makumbusho ya Majimaji hapa mtaa wa Mahenge, nimekulia karibu nayo kwa hiyo niseme kidogo ninachokiona.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga babu zetu 67 hapa. Wamezikwa hapo hapo kwenye eneo la makumbusho, kaburi moja la wengi, Nduna (kiongozi wetu wa Kingoni) Songea Mbano yeye kazikwa peke yake pembeni, na kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Kila mwaka mwishoni mwa Februari tunafanya kumbukizi, wazee wanakuja na mavazi ya asili, ngoma, wanafunzi wa shule zote. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja mwenyewe akakaa na wajukuu wa waliouawa akaomba msamaha. Hivi unadhani angefikia wapi kama pasingekuwa na mahali?

Kinachofanya ile makumbusho iwe hai ni majina, vinyago na mikuki ni nyongeza tu. Majina yameandikwa, mtu anakuja na mtoto wake ananyoosha kidole anasema huyu ndiye. Familia zinaona ile ni ya kwao ndo maana wazee wanakuja kukemea hata nyasi zikiwa ndefu. Kwa hiyo ushauri wangu, ukuta wa kwanza mtu akiingia tu uwe wa majina. Wote. Waliokufa vitani, waliorudi, raia waliouawa, kijiji kwa kijiji. Orodha itakuwa na mapengo mwanzoni, acheni nafasi, watu watakuja wenyewe kuwaambia mmemsahau fulani.

---

Mwanahesabu:

Samahani nitauliza ambalo wengine hawataki kuuliza. Mtaendeshaje? Nimeona miradi mingi ya namna hii, inazinduliwa na mgeni rasmi, utepe unakatwa, baada ya mwaka kufuli limeota kutu na aliye na ufunguo kahamia Mwanza. Mlinzi atalipwa na nani? Umeme? Halafu watalii wanaenda Serengeti, nani atakuja Bunazi? Bukoba pale Nyamukazi kuna makumbusho ya Kagera na hata wenyeji wengi hawajawahi kukanyaga.

Sipingi wazo ila wekeni mpango wa miaka mitano wa hela kabla ya kununua hata msumari.

---

Mwana_Missenyi:

@Mwanahesabu hoja yako naichukua na sikasiriki. Sisi watalii wa kigeni hatuwategemei. Tunaangalia shule. Wilaya ina shule nyingi, na somo la historia lipo, watoto wanasoma Vita vya Kagera kwenye kitabu huku wanaishi juu ya mahandaki hawajui. Pia barabara ya Mutukula ina mabasi na malori kila siku, mtu anasubiri kuvuka mpaka, anaweza kuingia akalipa kidogo. Ufunguo tumesema ukae na watu watatu wa vijiji tofauti. Lakini kweli hela ya kila mwezi hatujaipangia, tutakaa chini.

@Binti_Kassambya dada yangu, jembe la mama nalitaka kabla ya kitu kingine chochote.

---

Mzee_wa_Kombania:

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia mimi nasema.

Nilikuwa mgambo, nikachukuliwa Desemba 1978 kutoka Singida. Nilikuwa sijawahi kuona ndizi zinapikwa kama chakula cha mchana, nimezijua Kagera. Tulifundishwa haraka haraka tukapelekwa mbele. Nilikuwepo Mutukula mwezi wa kwanza, nilikuwepo Masaka mwezi wa pili, na Lukaya usiku wa tarehe 10 Machi nilikuwepo. Ile barabara ya Lukaya imepita katikati ya bwawa, huku maji huku maji, giza, na Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuwa mbele na mizinga. Brigedi yetu ilitawanyika usiku ule, wengine tuliingia kwenye matete mpaka kifuani. Alfajiri brigedi ya 208 ikaja ikazunguka nyuma yao ndipo mambo yakageuka. Sitasema zaidi hapa.

Ninachotaka kuwaambia ni hiki. Mkituwekea makumbusho, wekeni na wale wa upande wa pili. Tulipigana pamoja na Waganda wengi, wa kikosi cha Oyite Ojok na Tito Okello, na wa Museveni, hao walikuwa wenzetu. Na wale askari wa Amin tuliowakuta wamelala barabarani walikuwa vijana kama sisi, mmoja nilimkuta ana picha ya mtoto kwenye mfuko wa shati. Tulimzika na picha yake. Na watu wa Masaka nyumba zao zilibomolewa na mizinga yetu, hilo nalo lisemwe, siyo aibu kulisema.

La pili. Majenerali mnawajua, Musuguri, Mayunga, Walden, Msuya, na wanastahili kutajwa. Ila mtafuteni dereva. Malori ya watu binafsi yalichukuliwa pamoja na madereva wao, raia kabisa hawana mafunzo, wakabeba risasi na unga kutoka Dar hadi mbele kabisa ya vita. Barabara ya tope, gari haina taa kwa sababu ya ndege. Hao hawako kwenye orodha ya mgambo, hawako kwenye orodha ya jeshi, na wengine walibaki huko. Sijawahi kusikia mtu anawataja.

Nikiwa hai nitakuja. Mestini yangu ipo, ina jina langu nimelikwangua kwa msumari.

---

Kabati_la_Mwalimu:

Mzee shikamoo. Asante sana. Mwana_Missenyi, usisubiri chumba wala rangi, mpigie mzee huyu wiki hii umtumie mtu na simu huko Singida aliko. Na hilo la madereva, nimefanya kazi ya makumbusho miaka yote hiyo na sijaona hata kabati moja limewekwa kwa ajili yao.

---

Mtaita_wa_Taveta:

Habari zenu majirani, mimi niko Taveta, Kenya. Nimeletewa hii link na rafiki wa Moshi, wacha niongeze kitu.

Huku kwetu vita ni ya zamani zaidi, ile ya kwanza ya dunia. Wajerumani walichukua Taveta Agosti 1914, halafu Februari 12, 1916 kukawa na vita kubwa Salaita, hicho kilima kidogo ukienda Voi, Waingereza na Makaburu wakarudishwa nyuma na askari Waafrika wa Mjerumani. Mwezi wa tatu ikawa kwenye vilima vya Latema na Reata. Makaburi ya kijeshi yako Taveta na Voi, yamepangwa vizuri, nyasi imekatwa, mawe meupe kila moja na jina. Maktau kuna ya Wahindi. Na kuna hoteli moja upande wa Taita Hills wameweka maonyesho yao, risasi na ramani na picha, wageni wanapelekwa kutembezwa kwenye mahandaki.

Lakini wapagazi waliobeba hiyo vita mabegani hawana jiwe. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa na malaria si kwa risasi, na hakuna aliyeandika hata jina la kijiji alichotoka. Mwaka wa 2021 ile tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe ikakubali kwamba Waafrika wengi sana hawakuandikwa majina popote, kwa makusudi, si bahati mbaya. Miaka zaidi ya mia baadaye hata ukitaka kurekebisha utampata nani wa kumwuliza? Mimi babu wa babu yangu alichukuliwa akaenda, kwetu tunajua hivyo tu, alienda.

Nyinyi watu wa Kagera mko na bahati ambayo sisi hatukuwa nayo, wenye hadithi wako hai na wanaandika hapa kwa mtandao. Huyo mzee na hao madereva waandikeni sasa. Kuhusu pesa, waalimu ndio watawaokoa, sisi group yetu ndogo ilianza na kupeleka watoto wa shule Salaita kwa miguu na mzee mmoja wa kueleza, hakuna jengo hata moja. Jengo lilikuja kuwa maneno ya baadaye.

---

Mwanahesabu:

Nimesoma yote. Hiyo ya kuanza na shule na matembezi bila jengo ina mantiki na haina gharama kubwa, Kyaka darajani, magofu, halafu Mutukula. Mimi ni mhasibu, niko Bukoba. Nitawatengenezea bajeti bure na daftari la mapato. Na majina ya madereva: kampuni za usafirishaji za zamani na vyama vya ushirika vilikuwa na malori yao, inawezekana kuna mafaili ya magari yaliyochukuliwa kwenye ofisi za mikoa. Nitaulizia kwa ninaowajua.

---

Mwana_Missenyi:

Wakuu nashukuru mpaka nakosa la kusema. Tumekaa jana na kikundi tukawasomea huu uzi wote kwa sauti. Tulichokubaliana: chumba kisubiri. Tunaanza kurekodi wazee wa Bunazi, Kyaka, Kassambya, Minziro na Mutukula, wanaume na wanawake sawasawa. Ukuta wa majina tutauanza kwenye karatasi za manila shuleni, kila kijiji na karatasi yake, watoto waende nyumbani waulize bibi na babu. Madereva watakuwa na karatasi yao peke yao hata kama mwanzoni ina jina moja. Barua kwa mkuu wa wilaya na kwa Makumbusho ya Taifa inaandikwa, Kabati_la_Mwalimu nakutumia uipitie. Mzee wa Kombania, kuna kijana wetu anasoma Singida, atakuja kwako akiwa na barua yetu ya utambulisho, naomba mjukuu anitumie namba inbox.

Tunatafuta mwenye skana hata ya kuazima, na mtu wa kutusaidia kuandika yanayosemwa kwa Kihaya maana wazee wengine wakifika kwenye mambo mazito Kiswahili wanakiacha.

---

Binti_Kassambya:

Kihaya nitaandika mimi, nipeni hizo rekodi. Na kwa mama njooni Jumamosi mchana, asubuhi anakuwa shambani na hapendi kukatishwa. Mje na mwanamke mmoja kati yenu, kuna mambo ya kule ng'ambo ya mto hatayasema mbele ya wanaume watupu.